Ndama Aliyekwamisha Viza ya Naisenya

Saa moja na dakika kumi asubuhi, ng'ombe mia moja na arobaini wanapita mbele ya macho ya Naisenya Lemein, mmoja baada ya mwingine, wakielekea kukamuliwa. Anatazama kwato, anatazama mgongo, anatazama kichwa. Anapofika wa kumi na saba anasimamisha picha, anairudisha nyuma na kuitazama tena. Kisha anaandika: mguu wa nyuma, kushoto, aitwe daktari.

Ng'ombe huyo yuko katika banda la shamba moja barani Ulaya. Naisenya, 36, yuko Kitengela, katika chumba cha wageni cha rafiki yake, nyuma kidogo ya barabara ya Namanga. Amekalia kiti cha plastiki, na kipakatalishi chake kiko juu ya meza ya kupigia pasi kwa kuwa ndiyo pekee inayofika karibu na soketi. Nje, lori la maji linapiga honi na vumbi linaingia dirishani.

"Huyu bado hachechemei," anasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Lakini angalia vile anabeba kichwa. Kesho kutwa atachechemea. Kamera haijaona hiyo kitu."

Hiyo ndiyo kazi yake. Kampuni moja ya teknolojia, yenye ofisi katika nchi ya kaskazini mwa Ulaya, inatengeneza programu ya kompyuta ya kumtambua ng'ombe mgonjwa kabla mwenyewe hajamtambua. Naisenya anaifundisha programu hiyo kwa kuiazima macho yake. Kwa mwezi analipwa takriban shilingi laki tatu na nusu kabla ya kodi.

Kazi hiyo imebakisha siku kumi na tisa. Kampuni imemruhusu kuifanya akiwa Kenya kwa siku tisini tu, maana picha za mashamba ya wateja wake hazitakiwi kutazamwa kutoka nje ya nchi za huko. Leo ni siku ya sabini na moja. Viza yake isipotoka kabla ya siku ya tisini, nafasi itapewa mtu mwingine.

Na kinachoizuia viza hiyo, msomaji, ukipenda uamini na usipopenda uache, ni ndama.

Naisenya alizaliwa nje kidogo ya Bisil, Kaunti ya Kajiado, binti wa mfugaji Mzee Lemein, ambaye sasa ana miaka 71. Utotoni alichunga ndama, kazi wanayopewa watoto ambao bado hawajaaminiwa na ng'ombe wakubwa. Baada ya kidato cha nne alihamia Kitengela, akawa ananunua maziwa Isinya na kuyauza katika nyumba za kupanga, akipata faida ya shilingi mia sita siku ikiwa nzuri.

Mwaka wa 2021 alipata viza ya kazi kwenda kukamua ng'ombe katika nchi moja ya kusini mwa Ulaya. Kwa ombi lake hatuitaji nchi hiyo, kwa sababu faili yake ingali mezani mwa watu.

Alikamua kwa miaka miwili. Mshahara ulikuwa kama laki moja na nusu, na nusu yake ikaishia kwenye nyumba na chakula. Kilichobaki kilitumwa Bisil, na kilifika wakati wake, kwa kuwa ukame wa 2022 ulimkuta Mzee Lemein na ng'ombe sabini na mmoja ukamwacha na tisa.

Kisha, Mei 2023, mwenye shamba akawaita wafanyakazi wake wanne jikoni, akawamiminia kahawa na kuwaambia amenunua mashine ya kukamua.

"Nilidhani ni mashine ya kutusaidia," anasema. "Kumbe ni ya kutufukuza. Nilishtuka hadi kikombe ikaanguka."

Mshtuko wenyewe ulikuwa bado. Viza yake ya kazi ilikuwa imefungwa kwenye shamba lile kama mbuzi kwenye kigingi. Shamba lilipokosa kumhitaji, nchi nayo ilikuwa haimhitaji. Alipewa siku sitini afungashe virago.

Aliyemwokoa ni fundi aliyekuja kufunga kamera za mashine hiyo. Kwa wiki nzima Naisenya alikuwa akimwambia, kila asubuhi, ni ng'ombe yupi anaumwa, na kila mara mashine ilikuja kukubali siku mbili baadaye. Mwanzoni fundi aliona ni bahati. Aliposhindwa kuendelea kuiita bahati, aliwapigia simu wakubwa wake, na wiki mbili baadaye msichana wa Bisil alikuwa na mkataba wa kukaa popote Ulaya penye intaneti nzuri na kutazama ng'ombe.

Lakini kwa viza gani? Ile ya kazi ilikuwa inakufa. Wakili mmoja mwanamke wa kule ndiye aliyemweleza kwamba kuna nyingine, ya wale wanaoitwa wahamaji wa kidijitali: watu wanaoishi katika nchi hiyo lakini mwajiri wao yuko nje yake. Alitakiwa kuonyesha mkataba, mapato ya kutosha, bima ya afya na cheti cha maadili mema kutoka Nairobi. Alikimbizana na karatasi hizo hadi siku ya hamsini na nane.

Alipomweleza babake kwa simu kwamba sasa anaomba viza ya wahamaji, mzee, ambaye amehama na mifugo tangu azaliwe, alitaka kujua anahama na ng'ombe wangapi. Alipoambiwa hakuna hata mmoja, alisema huko si kuhama, huko ni kupotea.

Viza ilitoka Agosti 2023, ya miaka miwili. Ilikuwa na sharti moja ambalo wakili alilirudia mara tatu: asifanye kazi yoyote kwa mtu yeyote wa nchi ile, wala asipokee malipo yoyote kutoka kwake, ya pesa au ya kitu. Mwanamke ambaye juzi tu alikuwa akikamua ng'ombe mia moja kwa ruhusa ya serikali, sasa akimkamua mmoja kwa ujira atakuwa mhalifu. Naisenya alielewa, akatia sahihi, na karatasi ile akaibandika kwenye mlango wa jokofu asije akajisahau.

Na hakujisahau. Hapo ndipo kisa hiki kinapomchoma mtu.

Oktoba mwaka huo, Jumapili mchana, alikuwa akitoka kanisani alipomwona jirani yake amesimama katikati ya barabara akipunga mikono. Jirani huyo ni mjane wa miaka sabini na minane, anayefuga ng'ombe watatu nyuma ya nyumba. Mmoja alikuwa anazaa tangu alfajiri na ndama hatoki. Daktari wa mifugo alikuwa mwendo wa saa mbili kutoka pale.

Naisenya alivua koti la kanisani, akaosha mkono kwa sabuni hadi begani na kuuingiza. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umejikunja nyuma. Ilimchukua dakika arobaini kuunyoosha, huku mjane ameshika mkia wa ng'ombe na machozi yanamtiririka. Ndama alipotoka alikuwa hai, tena jike.

Mjane aliingia ndani akarudi na pesa. Naisenya alizikataa. Alimwonyesha kwa ishara na kwa maneno kwamba sheria haimruhusu, kwamba viza yake itaharibika. Bibi akafikiri kidogo, akazirudisha pesa mfukoni, kisha akamwelekezea kidole ndama aliyekuwa akijaribu kusimama. Akasema basi huyu ni wako.

"Hapo sikukataa," Naisenya anasema. "Mtu anakataaje ng'ombe? Pesa ni malipo, hiyo najua. Lakini ng'ombe si malipo. Ng'ombe ni undugu. Hata haikuingia kwa akili yangu kuwa hiyo ni kitu moja na pesa."

Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama, majina yenu yanakoma hapo. Tangu siku hiyo mnaitana kwa jina la zawadi yenyewe. Waliopeana ndama huitana Paashe, na wataitana hivyo hadi mmoja wao aingie kaburini. Naisenya alimfundisha bibi neno hilo palepale zizini. Bibi akalishika upesi, na kuanzia hapo kila asubuhi alifungua dirisha na kumwita hivyo kutoka ng'ambo ya barabara.

Habari ilipofika Bisil ilikuwa sherehe. Mzee Lemein, aliyekuwa hajapona majonzi ya ukame, alianza kumhesabu ndama huyo pamoja na mifugo yake. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, angekujibu yuko na tisa hapa na mmoja Ulaya.

Siku chache baadaye bibi aliomba nakala ya pasipoti ya Naisenya. Alisema ni ya mambo ya ng'ombe. Naisenya alimpa bila hata kuuliza, na kama kuna jambo analojutia maishani ni kutouliza siku ile.

Julai mwaka huu aliitwa ofisini kwa mahojiano ya kuongeza muda wa viza. Alikwenda akiwa mtulivu. Mkataba ulikuwa safi, kodi imelipwa, bima iko. Ofisa, mwanamke mpole aliyemkaribisha kwa maji ya kunywa, alimuuliza kama ana mali au mapato yoyote kutoka ndani ya nchi. Naisenya akajibu hana.

Ofisa akaizungusha skrini ya kompyuta. Kulikuwa na sajili ya serikali ya mifugo, nambari ya hereni ya sikioni, mtamba wa miezi ishirini na mmoja. Mwenye mali: Naisenya Lemein.

"Niliona jina langu kwa hiyo skrini," anasema. "Nilikuwa nimesahau kuwa kule kila ng'ombe ako na kitambulisho."

Alianza kujieleza. Alisema ni zawadi. Ofisa akauliza zawadi ya nini. Akasema alimsaidia jirani, ng'ombe alikuwa anazaa. Ofisa akaandika. Akasema kwanza alipewa pesa akazikataa kwa sababu ya viza. Ofisa akaandika na hilo, tena kwa makini zaidi. Alipotoka mle ofisini, ukarimu wa bibi ulikuwa umegeuka kuwa huduma iliyotolewa kwa mwenyeji na kulipwa kwa kitu, na aliyeyasema yote hayo ni yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Aliamriwa kusubiri uamuzi akiwa nje ya nchi. Mwanzoni mwa Agosti alitua Nairobi na sanduku moja, akapokewa na rafiki yake Wilkister Wanyonyi, mwalimu wa shule ya msingi aliyewahi kuwa mteja wake wa maziwa.

Wiki ya tatu barua ikaja. Ofisi ilikuwa tayari kulichukulia jambo lile kama kosa la usajili, iwapo Naisenya na mjane wangetia sahihi tamko kwamba mtamba aliandikwa kimakosa na hajawahi kuwa wake. Wakili alifurahi. Alilituma tamko siku hiyohiyo, ukurasa mmoja tu, na kumhimiza alirudishe kabla ya jioni.

Naisenya alikaa nalo mwezi mzima na zaidi.

Wilkister bado hajapata nafuu ya mshangao huo. Anasimulia akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akimtazama mgeni wake kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Mimi ningesaini hata kabla karatasi ikauke," anasema. "Ng'ombe moja, jamani. Moja. Na kazi ya laki tatu inaenda hivi hivi."

Naisenya anamwelewa vizuri. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha mdogo wake Nasieku uuguzi, ndiyo iliyochimba kisima cha Bisil na ndiyo inayonunua dawa za babake za shinikizo la damu. Ikipotea, anajua yuko wapi: Isinya asubuhi, na mitungi ya maziwa.

Lakini kukana ng'ombe uliyepewa ni kumkana aliyekupa. Siku ya sitini na sita alikwenda Bisil kumwambia babake ana kwa ana, akitumaini mzee ataona ugumu wenyewe na kumpa ruhusa. Hakuipata. Mzee Lemein alimsikiliza hadi mwisho, akaisukuma chai kando, akasimama na kwenda zake kwa mifugo. Naisenya alilala Bisil usiku huo.

Asubuhi yake mzee alimfuata wakati anasubiri gari. Naisenya anayakumbuka maneno yake yote, ingawa yalikuwa machache. "Wakunyime hiyo viza," alimwambia. "Lakini usiandike kwa mkono yako kuwa huyo mama hakukupa kitu."

Alilia hadi Kajiado mjini. Anasema alikuwa na hasira na kila mtu: na ofisa, na wakili, na babake, na bibi kwa uaminifu wake wa kupitiliza, maana ni nani mwingine angekwenda kumsajili ndama wa mgeni. Alishuka mjini, akaingia hoteli moja karibu na stendi, akaagiza chai, akatoa karatasi.

Hakulitia sahihi lile tamko. Aliandika barua yake mwenyewe, kwa lugha ya kule, kurasa mbili. Alieleza kwamba ndama alikuwa wake, kwamba alipewa kwa urafiki, kwamba kwao ng'ombe hakataliwi wala harudishwi. Akaeleza nini maana ya Paashe. Mwisho akaandika kwamba kwao aliyepewa anaweza kutoa, na kwa barua hii anampa mjane mtamba huyo, awe wake kuanzia leo, zawadi kutoka kwake.

Wakili alipoisoma alipiga simu papo hapo. Alikuwa ameshtuka kiasi cha kusahau salamu. Alimwambia barua hii inakiri kila kitu, kwamba ofisi ilimfungulia mlango naye anaupita na kuruka ukuta. Naisenya akamwomba aipeleke hivyo hivyo, na nakala yake ampe bibi. Ilipelekwa siku ya sitini na tisa.

Yawezekana ofisi ikaona ni zawadi kweli, tena imeshatolewa, na mambo yakaisha. Yawezekana ikaona ni mtu aliyepewa nafasi akaitupa. Wakili anasema hajawahi kukutana na faili kama hii na hataki kubashiri.

Mazungumzo yamefika hapo simu yake inapolia. Ni bibi, kwa video. Kwanza inaonekana dari ya banda, kisha sikio, kisha uso wa mjane aliyevaa kofia ya sufu, anazungumza mbio huku anacheka. Naisenya anaitikia kwa lugha ya kule, anatabasamu, anauliza swali moja. Halafu tabasamu linamtoka. Anaweka kiganja mdomoni huku bibi anaendelea kuzungumza.

Wilkister anauliza kuna nini, kuna msiba? Simu ikishakatwa, Naisenya anamweleza.

Mtamba amezaa alfajiri ya leo, jike, bila taabu yoyote. Bibi alikuwa ameisoma barua usiku wa jana, mara mbili, na kuielewa sawasawa. Ikiwa Naisenya amempa ng'ombe, basi naye hawezi kukaa mkono mtupu. Ndama mpya ni wa Naisenya. Nakala ya pasipoti bado alikuwa nayo, kwa hiyo hakuona haja ya kumsumbua. Ofisi ya mifugo ilipofungua saa mbili yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, na usajili umekamilika.

Wilkister anaweka kikombe chini na kushika kichwa kwa mikono miwili. Anataka kujua kama Naisenya amemkataza, kama amemwambia akafute.

"Nimemwambia asante," Naisenya anasema. "Ningesema nini ingine?"

Anacheka, machozi yakimtoka, na si rahisi kujua kipi kilianza. Anaufunga ukurasa wa ng'ombe wa kampuni kwa dakika chache, jambo ambalo haruhusiwi kufanya kabla ya saa sita. Mpango wake, anasema, haujabadilika: kurudi kabla ya siku ya tisini na kuendelea na kazi. Wakimnyima hii, ataomba tena kwa mlango mwingine. Kule kuna viza ya wakulima, ameshaanza kusoma masharti yake. "Kama shida yao ni ng'ombe, basi wanipe viza ya mtu ako na ng'ombe," anasema.

Wilkister anamsihi ampigie wakili sasa hivi, kabla wale watu hawajafungua kompyuta yao.

Naisenya anapangusa macho na kubonyeza namba. Anayepokea si wakili. Ni Bisil, na mazungumzo ni ya Kimaa, mafupi. Anamweleza babake habari ya ndama mpya. Kisha mzee anauliza jambo moja tu, na Naisenya anatufasiria: anataka kujua ndama ni wa rangi gani.

"Mwekundu," anamjibu, "na miguu ya nyuma nyeupe." Anaufunika mdomo wa simu kwa kidole na kumgeukia Wilkister. "Wakili nitampigia nikimaliza kuongea na baba."